Mjadala: Je, Vyuo Vikuu vya Magharibi mwa Kenya Vinunuliwe Leza ya Femtosekunde?

Mwanzilishi wa mjadala: Naleta hoja kwamba fedha za umma zitumike kununua mtambo mmoja wa spektroskopia ya leza, yaani wa kuchunguza vitu kwa mwanga wa leza, utakaotumiwa kwa pamoja na vyuo vikuu vya Maseno, Egerton na Masinde Muliro. Sekunde ikigawanywa mafungu trilioni elfu moja, fungu moja ndilo femtosekunde, na ni kwa mapigo ya mwanga mafupi kiasi hicho Ahmed Zewail, mzaliwa wa Misri, alifuatilia atomu zinavyosogea kemikali zinapobadilika, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1999. Kazi hiyo aliifanyia California. Mwanafunzi wa uzamili anayetafiti seli za jua zinazotumia rangi kunasa mwanga anaweza kupima umeme wa seli yake kwa vifaa vya kawaida, lakini elektroni inavyoiacha rangi ile na kuingia kwenye titani dioksidi, jambo ambalo mara nyingi hutokea kabla ya pikosekunde moja, yaani femtosekunde elfu moja, kwisha, hawezi kulifuatilia bila mtambo huu.

Mchangiaji wa pili: Ndugu mwanzilishi, kwa heshima napinga. Bei yake ni makumi ya mamilioni ya shilingi, ilhali fosfeti katika maji ya Ziwa Victoria hupimwa kwa spektrofotomita ya kawaida, kifaa cha kupima mwanga unaofyonzwa na sampuli, ambayo wanafunzi wa shahada ya kwanza huipangia foleni. Umeme nao hukatika. Wachache wanaohitaji femtosekunde wafadhiliwe kwenda Afrika Kusini, kwenye maabara zinazoshirikiana na Kituo cha Leza cha Afrika.

Mwanzilishi wa mjadala: Kuhusu spektrofotomita sina ubishi, zinunuliwe kwanza. Ila mgeni wa wiki chache hukabidhiwa mtambo uliokwisha kupangwa, naye hurudi na data tu. Ufundi wenyewe umo katika kuupanga: mpigo wa kwanza huamsha sampuli, wa pili huipima, na ukikisogeza nyuma kioo kinachourudisha ule wa pili kwa milimita 0.15 tu, unachelewa pikosekunde moja. Joto la chumba likipanda, vioo huhama kidogo na kipimo huharibika, kwa hiyo hofu ya umeme ni ya haki, tena jenereta pekee haitoshi. Ndiyo maana nataka zabuni isitangazwe kabla ya kuwapo chumba chenye joto lisilobadilika, betri za kuhimili umeme unapokatika, bajeti ya vipuri, na fundi aliyeajiriwa kwa kudumu. Fundi huyo asipopatikana, nitapiga kura pamoja nawe.