Nyumba za kale za fremu ya mbao Uingereza: kupinda kwake ni uchakavu au ni kazi ya fundi?

MwanafunziWaMajengo
Ndugu zangu, nimetazama kwa muda mrefu picha za Ancient High House ya Stafford, iliyojengwa mwaka 1595 kwa ajili ya ukoo wa Dorrington, na ambayo hutajwa kuwa kubwa kuliko nyumba zote za mjini za fremu ya mbao zilizosalia Uingereza. Mfalme Charles I alikaa humo mwaka 1642. Maswali mawili yananisumbua. Kwanza, katika majengo ya aina hii boriti zimepinda na sakafu zimeinama. Je, huo ni uchakavu, au mafundi walijua kwamba yatatokea? Pili, kwa nini katika mitaa kama Shambles, mjini York, ghorofa za juu hutokeza nje kupita ile ya chini?

Seremala
Ndugu, mimi ni seremala, kwa hiyo nitajibu lile la kwanza, na jibu langu ni kwamba walijua. Mwaloni ulichongwa ungali mbichi, kwa sababu ukishakauka huwa mgumu mno kwa shoka na patasi. Fremu iliunganishwa kwanza ikiwa imelazwa chini, kila kiungo kikatiwa alama, mara nyingi zinazofanana na tarakimu za Kirumi, kisha ikafumuliwa na kusimamishwa upya mahali pa nyumba. Ncha ya boriti ilichongwa ulimi ukaingia katika tundu la nguzo, na vyote viwili vikafungwa kwa kigingi cha mwaloni. Hapa ndipo ninapowavulia kofia: matundu ya kigingi yalitobolewa yakiwa yamepishana kidogo kwa makusudi, ili kigingi kinapogongwa kiuvute ulimi ndani na kukaza kiungo. Misumari ya chuma isingefaa kwa viungo hivyo, kwani asidi iliyomo katika mwaloni hukila chuma. Baada ya nyumba kukamilika, mbao ziliendelea kukauka kwa miaka, zikisinyaa zaidi kwa upana kuliko kwa urefu, na sehemu kubwa ya mapindo unayoyaona ilitokea wakati huo.

MpendaMiji
Kuhusu swali la pili, utasikia mara nyingi kwamba watu walikuwa wakikwepa kodi ya eneo la chini. Mimi siyakubali maelezo hayo, maana hata nyumba za mashambani, zenye nafasi tele kila upande, zilijengwa vivyo hivyo. Nafasi ya ziada juu ya mtaa mwembamba ilikuwa na thamani yake, na mwenye nyumba alijionyesha kwayo, lakini faida ya kiufundi isisahaulike: uzito wa ukuta wa juu hukandamiza ncha za boriti za sakafu zilizotokeza, na hivyo kupunguza kubonyea kwa sakafu katikati ya chumba. Isitoshe, nguzo za kimo cha ghorofa moja zilitosha, bila kutafuta miti mirefu ya kufika paani. Nyumba ya pembeni iliyotokeza pande mbili ilihitaji boriti nene ya mshazari kwenye kona, na boriti hiyo ndiyo ya kwanza ninayoitafuta niingiapo chumba cha chini.

MwanafunziWaMajengo
Nawashukuru sana. Je, nafasi kati ya nguzo zilijazwa nini, na ile rangi nyeusi ya mbao ni ya asili?

Seremala
Zilijazwa fito zilizosukwa, zikakandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu au manyoya ya wanyama, kisha zikapakwa chokaa. Mwaloni kwa kawaida uliachwa bila rangi ukageuka kijivu. Weusi unaouona leo, kwa sehemu kubwa, ni mtindo ulioenea katika karne ya 19. Hilo ni suala la macho tu. Lililo zito ni saruji, ambayo katika karne ya 20 ilitumika mahali pengi kuziba kuta hizi. Chokaa na udongo huruhusu unyevu kutoka na hufuata mbao zinapocheza. Saruji hupasuka, maji yakaingia kwenye nyufa na kubaki humo, na boriti ya chini kabisa, ile inayokaa juu ya msingi wa mawe na kubeba nguzo zote, huanza kuoza kwa ndani huku nje ikionekana nzima. Ukipewa nyumba ya namna hii kuichunguza, anzia hapo.