Chai ya mboji: ya kusuuza, ya kuloweka au ya pampu? Kwa bustani na maua ya ndani

Bustani_Uani
Wakuu, naomba tulinganishe njia za kutengeneza chai ya mboji, yaani maji yaliyotiwa mboji ya kumwagilia mimea. Kuna matuta ya mchicha, nyanya na sukuma wiki, na vyungu vinane vya maua ndani ya nyumba. Mboji ipo, imeiva, haina joto wala harufu. Maji ni ya bomba na umeme hukatika mara kwa mara. Ipi inafaa, na vipimo vyake ni vipi?

Fundi_Mboji
Mkuu, kwa hali hiyo chagua ya kusuuza. Ndoo ya lita 20, maji lita 15, mboji lita 3 ndani ya kipande cha kanga kuukuu kilichofungwa vizuri. Kanda furushi ndani ya maji kama unayekamua tui, dakika 10. Liache dakika 20, kamua tena. Maji yakiwa kahawia iliyokolea, basi. Tumia siku hiyohiyo, na masalia yarudishe kwenye tuta, usiyatupe.

Hayo masalia ndiyo mali yenyewe. Mboji nzuri ina naitrojeni, chakula cha majani, kama asilimia 1 hadi 2 ya uzito wake mkavu, yaani gramu 10 hadi 20 kwa kilo, na sehemu kubwa imeshikana na chembe zinazobaki kwenye kitambaa. Anayedhani ndoo moja ya chai itachukua nafasi ya kutandaza mboji atavuna mchicha wa njano.

Hewa_na_Maji
Fundi, hapo kwenye naitrojeni tuko pamoja, ila ya pampu usiiweke kando haraka hivyo. Lengo lake ni kuongeza vijidudu hai, na mwenye umeme wa uhakika anaweza kuitengeneza vizuri:

Maji lita 18, mboji kilo 1 kwenye mfuko uliolegea, mawe mawili ya hewa (yale ya mwisho wa mirija ya pampu, yanayotoa mapovu) chini kabisa ya ndoo. Pampu ndogo ya tangi la samaki ya lita 2 kwa dakika haitoshi; tafuta inayotoa kama lita 8. Uso wa maji uonekane unachemka, si kutoa mapovu mawili matatu pembeni. Saa 24 hadi 36, kisha zima, chuja, na mwagilia ndani ya saa 4.

Inapoharibika, mara nyingi sababu ni moja kati ya mbili. Umeme ukikatika katikati, vijidudu vimeshakuwa vingi na humaliza hewa iliyo majini upesi. Au mirija haikuoshwa: pitisha kidole ndani ya ndoo, ukikuta utando unaoteleza, sugua na uanike juani kabla ya kutengeneza nyingine. Pua ndiyo kipimo. Harufu ya udongo uliopata mvua ni dalili nzuri. Ya mayai viza, mwaga kwenye migomba, usiipeleke kwenye mboga.

Mama_Mchicha
Hewa_na_Maji hujataja molasi, ile shira nyeusi ya miwa, na wengi huweka vijiko 2 kwa ndoo. Naomba wasiweke, hasa kwa mboga za majani. Sukari haichagui: ikiwa mboji imebaki na bakteria wa kuharisha, E. koli au salmonela, kidogo kutoka kwenye samadi, nazo hushiba na kuzaliana. Kikosi kazi cha bodi ya viwango vya kilimo hai ya Marekani kilipendekeza mwaka 2004 kwamba chai yenye viongezo isiyopimwa maabara ihesabiwe kama samadi mbichi: siku 120 kabla ya mavuno kwa zao linaloliwa sehemu inayogusa udongo, siku 90 kwa mengine. Mchicha unavunwa baada ya wiki tatu hadi nne. Hakuna namna ya kuziingiza hizo siku hapo.

Hata bila molasi, mwagia shinani, si kwenye majani utakayokula wiki hiyo.

Hewa_na_Maji
Nakubali, mama. Molasi ibaki kwa miti ya kivuli na maua.

Jani_Pori
Kwa sukuma wiki inayotaka naitrojeni, achaneni na mboji majini. Tumieni ya kuloweka, ya alizeti pori, ile tithonia ya kando ya barabara. Kata majani na ncha laini kabla haijachanua. Katakata, jaza nusu ya ndoo, ongeza maji, funika bila kubana, koroga kila siku ya tatu. Wiki mbili iko tayari. Sehemu 1 kwa 2 za maji, shinani. Inanuka sana, iwekeni mbali na dirisha.

Chungu_Barazani
Basi maua ya ndani. Ya kusuuza peke yake, tena izimuliwe, sehemu 1 kwa 4 za maji, hadi ifanane na chai ya rangi iliyo hafifu. Chuja mara mbili. Mara moja kwa wiki nne, kwenye udongo ambao tayari una unyevu, na maji yanayokusanyika kwenye sahani yamwagwe. Ukiona ukoko mweupe kwenye ukingo wa chungu, chumvi zimejaa: acha chai, pitisha maji matupu mengi mara mbili. Chungu kisicho na tundu kisipewe kabisa. Kaktasi na mshubiri hazihitaji. Mkizidisha, udongo wa juu haukauki, na vile vidudu vyeusi vinavyorukaruka kama mbu wadogo hutaga humo.

Bustani_Uani
Asanteni. Klorini ya bomba je? Na ikibaki, inawekwa kwenye dumu?

Fundi_Mboji
Acha ndoo wazi saa 24 kabla ya kuweka mboji. Dumu hapana: ukilifunga, gesi hulivimbisha na ndani huoza. Iliyobaki mwagia rundo la mboji.