Uwanja wa mbio Ghuba: nikodi Ferrari mjini au nichukue gari la uwanja lenye mkufunzi?

Mwana wa Pangani:
Assalam alaykum ndugu zangu. Ninafanya kazi Sharjah, na tangu nifike huku nimekuwa nikiyaona magari kama Ferrari 488 na Lamborghini Huracán yakitembea polepole barabarani Dubai kwa kuziogopa kamera, nami nikitamani kujua yanakuwaje yanapoachiwa. Mdogo wangu atanitembelea mwezi wa Agosti akitokea Dar es Salaam, na tumeweka akiba kwa ajili ya siku moja ya kuendesha katika uwanja wa mbio. Tuna mawazo mawili: kukodi gari kwa siku nzima katika moja ya maduka ya mjini na kwenda nalo Dubai Autodrome, au kulipia gari la uwanja wenyewe kule Yas Marina, Abu Dhabi, pamoja na mkufunzi. Wazo la kwanza linatuvutia zaidi kwa kuwa gari hilo tungelitumia mjini pia. Uwanjani sijawahi kuendesha, na udereva nilijifunzia Tanga, kwenye gari la usukani wa kulia. Mnatushauri nini?

Fundi wa Al Quoz:
Wa alaykum salaam, kaka. Wazo la kukodi mjini liacheni. Mikataba mingi ya magari ya aina hiyo inakataza waziwazi kuyapeleka uwanjani, bima ya barabarani kwa kawaida haigusi yanayotokea humo, na magari mengi ya kukodi yamefungwa kifaa cha kuonyesha yalipo, hivyo mwenye duka anaweza kujua kabla hujavua kofia ngumu. Ukigusa ukuta, deni ni lako, na bampa la Huracán si kitu cha kutafuta kwenye spea za mtumba.

Hata kama mkataba ungeruhusu, bado ningewakataza kwa sababu ya joto. Watu huulizia nguvu za injini, ilhali katika pwani hii kinachoamua kama utafurahia kipindi chako chote au mizunguko miwili tu ni breki. Joto linalozalishwa wakati wa kufunga breki hukua kwa mraba wa kasi: kulisimamisha gari lililo kwenye kilomita 200 kwa saa kunazalisha joto mara nne ya lile la kulisimamisha kutoka 100, na uwanjani kazi hiyo inarudiwa kona baada ya kona, diski zisipate nafasi ya kupoa. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230, lakini yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa, na yakishaunyonya kiwango kinachotakiwa kinashuka hadi nyuzi 155. Sasa fikirieni gari la kukodisha lililoshinda miezi na miezi kwenye unyevu wa Dubai Marina, ambalo aliyelikodi hajui mafuta yake yalibadilishwa lini. Yakichemka, mvuke unaingia ndani ya mabomba, na kwa kuwa mvuke unabanika lakini mafuta hayabaniki, unakanyaga breki mguu unazama hadi sakafuni huku gari likiendelea na safari yake. Diski za kaboni na kauri ambazo 488 hutoka nazo kiwandani zinastahimili joto kuliko za chuma, ila haziwezi kuyaokoa mafuta yaliyochakaa.

Bi Shani, Muscat:
Ndugu Fundi amesema kweli kuhusu breki, ingawa naona amewatisha vijana kupita kiasi. Ninachoongeza ni kwamba hata mkichukua gari la uwanja, msikimbilie lenye jina kubwa. Ferrari yenye farasi 670 ina nguvu kuliko uwezo wa mgeni kuitumia, kwa hiyo mtamaliza muda wenu mkiiogopa kwenye kona na kukanyaga mafuta kwenye njia iliyonyooka tu, jambo ambalo halihitaji mkufunzi. Gari jepesi lenye nguvu za wastani linakuonyesha mara moja kama umeingia konani na mwendo mkubwa mno au umefungulia mafuta mapema, na unaweza kurekebisha kwenye mzunguko unaofuata.

Kuhusu usukani, msiwe na wasiwasi mkubwa. Yas Marina huzungukwa kinyume cha mwendo wa saa, na kona mbili zinazoamua mengi, yaani ile kali ya namba 5 na ile ndefu ya namba 9, zote zinakata kushoto, upande aliokaa dereva, hivyo ukingo wa ndani unauona vizuri. Kazi ipo kwenye kona za kulia, ambako aliyezoea kukaa kulia huacha nafasi kubwa mno au hupanda ukingo bila kutarajia. Tena, mkitaka kuusoma uwanja kabla ya kwenda, tazameni video za mwishoni mwa 2021 na kuendelea. Mwaka huo uwanja ulifupishwa kutoka kilomita 5.554 hadi 5.281, na kona zikapungua kutoka 21 hadi 16, kwa hiyo video za zamani zitawafundisha kona ambazo hazipo tena.

Mkaazi wa Seeb:
Mbona hakuna aliyegusa suala la Agosti? Mbio za saa 24 za Dubai zimekuwa zikifanyika Januari tangu 2006, na zile za Formula 1 za Abu Dhabi huja mwishoni mwa msimu na kuanza jua likielekea kuzama. Wanaopanga hayo wana sababu. Mchana wa Agosti hewa hupita nyuzi 40 na lami huwa moto zaidi, tairi zinapata joto kupita kiasi na kuanza kuteleza, na injini za turubo hupunguza nguvu zenyewe kwa kuwa hewa ya moto ni nyepesi na kompyuta ya gari inailinda injini isiharibike. Yas ina taa uwanja mzima, kwa hiyo usiku unawezekana, ila unyevu wa usiku wa Agosti kwa mtu aliyevaa kofia ngumu ni adhabu. Mdogo wako abadilishe tiketi.

Mwana wa Pangani:
Ninawashukuru nyote. Mdogo wangu amekubali kuja Januari, na wazo la kukodi mjini tumeliacha. Bi Shani, kuna jambo tunaloweza kulifanyia mazoezi hadi wakati huo?

Bi Shani, Muscat:
Nendeni mkaendeshe vile vigari vidogo vya mbio viitwavyo go-kart, ambavyo pale Dubai Autodrome vipo. Jifunzeni kufunga breki gari likiwa limenyooka, kwa kukanyaga kwa nguvu mwanzoni na kuachia taratibu kadiri mnavyoanza kukata usukani. Barabarani tumezoea kinyume chake, kuanza kwa kugusa na kumalizia kwa kukandamiza, na tabia hiyo ndiyo wakufunzi wengi huanza kuishughulikia kwa mgeni.