Wakala wa safari katuuzia Mlango Mtakatifu wa Roma ambao ulikuwa wa bure, na Sistina hatukuiona

Wakuu, salaam.

Nimevumilia tangu tuliporudi kutoka Roma Oktoba 2025. Nimempigia wakala, nimemwandikia, nimekwenda ofisini kwake hapa Dar kwa miguu yangu mwenyewe, na jibu ni lile lile: "Mzee, bosi hayupo, tutakucheki." Nimechoka kumtunzia heshima mtu ambaye hakuitunza hela yangu. Jina la kampuni siliandiki kwa sababu malalamiko rasmi nimeshayapeleka Tume ya Ushindani na sitaki apate pa kujifichia, aseme nimemchafua kabla shauri halijasikilizwa. Ila alichotufanyia nakimwaga chote hapa, maana najua kuna wanandoa na vikundi vya parokia wanaouziwa ratiba za namna hii.

Mimi na mama watoto tulikuwa na jubilei ya fedha ya ndoa yetu, na ikaangukia kwenye Mwaka wa Jubilei ya Kanisa, ule uliofunguliwa Desemba 24, 2024. Mama ni mwalimu wa dini shule ya msingi na mwimbaji wa kwaya, sauti ya pili. Hela yake ya VICOBA, ile ya jasho kabisa, ndiyo iliyoanza kulipia safari hii. Mimi nikaongezea sehemu ya mafao yangu. Na alikuwa na ombi moja tu: Kikanisa cha Sistina, kile cha Vatican ambamo makadinali humchagulia Papa. Mei 8, 2025 tulikuwa sebuleni, saa 1 na dakika 7 jioni kwa saa zetu, moshi mweupe ukatoka, ishara kwamba Papa mpya amepatikana, na Kadinali wetu Rugambwa wa Tabora akiwa humo ndani pamoja na wapiga kura wenzake. Mama alisimama akaniambia, "Baba Neema, kile chumba lazima nikione kwa macho yangu." Nikamwambia tutakiona. Hilo neno ndilo linaloniuma mpaka leo.

Wakala tuliambiwa ni mzoefu wa safari za hija. Alitupokea vizuri, "karibu Baba, karibu Mama", chai ikaletwa, picha za Roma ukutani. Ankara yake ninayo, na kila ninaposoma mstari mmoja damu inachemka.

Anza na viza. Ada ya viza ya Schengen, ile ya kuingilia Italia na nchi nyingi za Ulaya, kwa mtu mzima ni euro 90, tangu Juni 2024. Ankara imeandika "ada ya ubalozi euro 210" kwa kila mmoja. Hakuandika huduma ya kujaza fomu, hakuandika posho yake. Kaandika ada ya ubalozi. Risiti halisi tulipewa siku ya alama za vidole, nikamuuliza hizo nyingine ni za nini, akajibu "bima na mambo mengine". Bima ilikuwa na mstari wake peke yake, chini kidogo, tumeshailipia! Hapo tayari nilianza kuhisi harufu, lakini tiketi za ndege zilishakatwa na hazirudishwi.

Sasa njooni kwenye Mlango Mtakatifu, ule mlango wa kanisa unaofunguliwa Mwaka wa Jubilei ili mahujaji wapite. Ankara inasema: "Kibali cha kupita Mlango Mtakatifu, Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro, euro 85 kwa mtu." Mtu mzima, Mkatoliki, kaandika hivyo na kupiga mhuri.

Asubuhi ile mama alivaa kitenge, nami shati la kitenge hicho hicho, sare tuliyoshonesha kwa ajili ya siku hiyo. Mwongozaji aliyekodiwa na wakala hakutokea. Tukajiendea wenyewe hadi Piazza Pia, mwanzo wa barabara ya Via della Conciliazione, pale mahujaji walipokuwa wanaanzia. Kijana wa kujitolea akatuuliza tumejiandikisha? Nikamwonyesha karatasi ya wakala, ile "kibali". Akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma, akasema hajawahi kuona kitu kama kile. Kujiandikisha kulikuwa kunafanyika kwenye tovuti na programu ya Jubilei, na hakukulipiwa hata senti. Akatusaidia kwa simu yangu, palepale tumesimama, kisha akatuunganisha na kikundi cha akina mama wa Poland waliokuwa na msalaba wa mbao. Wakampa mama aubebe kipande cha njia. Tukaimba, tukasali, tukapita mlango. Hakuna aliyedai tiketi. Hakuna aliyeuliza kibali. Mama alilia pale mlangoni, na mimi nililia pia, ila machozi yangu yalikuwa yamechanganyika na hesabu ya euro 170 za wizi.

Na kuingia Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro lenyewe, siku yoyote, ni bure. Unapanga foleni, unapita ukaguzi kama wa uwanja wa ndege, unaingia. Kupanda kuba ndiko kunakolipiwa. Wakala aliandika "kiingilio cha Basilika" kama kitu tofauti na kibali cha mlango. Yaani mlango kauza, na nyumba ambayo mlango umo kaiuza tena.

Kisha Katekesi ya Jumatano, ambayo pia huitwa Audiensi, Papa anapokutana na mahujaji. "Tiketi za Audiensi ya Papa, viti vya mbele, euro 45 kwa mtu." Jumanne mchana tulikuwa tunahangaika kumtafuta mwongozaji ili atukabidhi. Tukamkuta Sista mmoja Mtanzania, anasoma chuo kikuu cha kipapa huko, alitusikia tu tunaongea Kiswahili karibu na nguzo za uwanja akaja mbio kutusalimia. Tulipomweleza akashika kichwa. "Baba, hizi tiketi haziuzwi. Twende." Akatupeleka kwenye Mlango wa Shaba, upande wa kulia wa uwanja, ambako askari wa Uswisi, walinzi wa Papa, wanazigawa. Askari akahesabu mbili akampa mama mkononi. Nikatoa pochi kwa mazoea ya nyumbani, akatikisa kichwa: ni bure, daima ni bure. Na viti vya mbele vya kununua hakuna. Ukitaka kukaa karibu unawahi alfajiri. Tuliwahi, na Papa Leo wa 14 alipita kwenye gari lake karibu nasi kiasi cha kuona pete yake. Hilo namshukuru Mungu na yule Sista. Wakala hana mkono wake humo hata kidogo.

"Ziara ya Basilika Kuu Nne pamoja na kaburi la Papa Fransisko, euro 160." Petro, Yohane wa Laterani, Maria Mkuu na Paulo nje ya Kuta. Zote nne kuingia ni bure. Kaburi la Papa Fransisko liko Maria Mkuu, jiwe jeupe lenye neno moja tu, FRANCISCUS, watu wanapita mbele yake kimya kimya kwa foleni. Kwa Mtakatifu Paulo unashuka metro mstari B, kituo kinaitwa Basilica San Paolo, jina la kanisa limo kwenye kituo. Tiketi ya kawaida ya usafiri wa mjini ni euro 1.50 na inakaa dakika 100. Kama angetuambia anatoza usafiri na muda wa mwongozaji, ningemwelewa, kazi ni kazi. Lakini gari halikuja, na mwongozaji tulimwona kwa nadra, akiwa na haraka, anauza chupa ya maji euro 3 kutoka kwenye begi lake. Roma nzima ina mabomba ya mtaani ya chuma yanayotiririsha maji safi ya kunywa usiku na mchana, zaidi ya 2,500. Ukiziba mdomo wa bomba kwa kidole, maji yanaruka juu kupitia kitundu kidogo, unakunywa umesimama bila hata kikombe. Watoto wa kule wanafanya hivyo. Mwongozaji alikuwa anatuuzia maji hatua chache kutoka bombani, na mama ana presha, anameza dawa kila siku, akawa anabana maji ili tusimalize hela.

Koloseo nalo, ule uwanja wa kale wa Warumi. Tulilipishwa euro 75 kila mmoja, "pamoja na chini ya ardhi", zile njia walikopita wanyama na wapiganaji. Tiketi zilizokuja ni za kawaida, bei imechapwa juu yake, euro 18, na chini ya ardhi haimo. Mlinzi alituonyesha kwa kidole, kwa adabu, akarudisha kamba. Nilipofuatilia baadaye nikagundua kwamba Italia wenyewe wamechoshwa na mchezo huu wa tiketi za Koloseo: Aprili 2025 mamlaka yao ya ushindani ilitoza kampuni zilizohusika faini ya jumla karibu euro milioni 20. Wao wamechukua hatua. Ndiyo maana nami nimekwenda kwenye Tume yetu na ninasubiri kuona meno yake.

Hoteli iliandikwa "dakika 10 kutoka Vatican". Ilikuwa nje ya barabara kuu inayozunguka jiji. Basi la mjini kwanza, ukibahatika linapita, hadi Battistini mwisho wa metro mstari A, halafu ndipo upande treni. Na mapokezi wakatudai kodi ya jiji, euro 6 kwa kila mtu kwa kila usiku kwa hoteli ya nyota tatu, taslimu, kabla hawajatupa ufunguo. Kodi hiyo ni halali, Roma ndivyo ilivyo, lakini wakala alituhakikishia kwa maandishi kwamba "kila kitu kimelipwa".

Haya yote ningeweza kuyameza. Sistina siwezi.

Sistina unaingia kwa kupitia Makumbusho ya Vatican, na ratiba yake iliandika Makumbusho hayo siku ya Jumapili, saa tatu asubuhi. Jumapili ya pili ya mwezi. Wakuu, Makumbusho ya Vatican hufungwa Jumapili. Hufunguliwa Jumapili ya mwisho wa mwezi tu, na siku hiyo kuingia ni bure. Hii si siri ya ndani, imeandikwa kwenye tovuti yao kwa herufi kubwa, na mtu anayejiita mtaalamu wa hija ya Roma hawezi kudai hajui. Tulifika Viale Vaticano tumevaa vizuri, ukuta mrefu ule, lango limefungwa, hakuna foleni. Mama akadhani tumewahi sana. Akatoa rozari akaanza kusali akisubiri wafungue. Tulisubiri. Mzee mmoja aliyekuwa anatembeza mbwa ndiye aliyetuonyesha kwa ishara kwamba leo hakuna.

Nikampigia wakala. Akasema, "Nendeni mlango wa pembeni mseme mna booking." Mlango wa pembeni! Nikamwambia anitumie hiyo tiketi niione. Kimya. Tiki za bluu, kimya. Hakukuwa na tiketi. Hakuwahi kununua. Tiketi halisi ni euro 20, na 5 za kuweka nafasi mtandaoni. Kwetu alichukua euro 95 kwa kila mmoja.

Jumatatu tulijaribu wenyewe mtandaoni. Msimu wa Jubilei, nafasi zimejaa hadi baada ya siku yetu ya kuondoka. Nje ya lango walikuwepo wachuuzi wa tiketi wenye vitambulisho shingoni, wanadai fedha ambazo hatukuwa nazo tena. Mama akasema basi, tuache, tusije tukapigwa mara ya pili. Akanunua kadi ya posta yenye picha ya Hukumu ya Mwisho, mchoro wa Michelangelo ulio ukutani mwa Sistina, akaiweka kwenye kitabu chake cha nyimbo. Tangu turudi hajalizungumzia. Watoto wa darasani wakimuuliza kuhusu Sistina anabadilisha mada, ameniambia mwenyewe.

Wakala alipobanwa ofisini alinipa "ofa": punguzo la asilimia 10 tukisafiri naye tena. Mtu kaniingiza mjini, halafu ananiuzia nauli ya kurudia!

Ninachodai kiko kwenye barua yangu na nakirudia hapa ili asiseme sikueleweka. Arudishe fedha zote za vitu vya bure alivyotuuzia: kibali cha mlango, kiingilio cha kanisa, tiketi za Katekesi, basilika nne. Arudishe fedha za Makumbusho yote, maana hakununua kitu. Arudishe tofauti ya Koloseo na tofauti ya viza. Na amwombe mama radhi kwa mdomo wake, akiwa amesimama mbele yake, si kwa ujumbe wa simu.

Kama wewe au parokia yenu mmepewa ankara yenye mistari ya "kibali cha Mlango Mtakatifu" au "tiketi za Audiensi", msiitupe hata kama mmeshasafiri na kurudi. Mlango ule ulifungwa Januari 6, 2026, lakini hela zilizolipwa bado zinadaiwa. Iwekeni hapa chini, mkifuta majina na namba zenu za simu, au nitumieni inboksi. Afisa aliyepokea malalamiko yangu ameniambia shauri la watu wengi linakwenda haraka kuliko la mzee mmoja, na wiki ijayo narudi pale na kila karatasi nitakayokuwa nayo.