Mshtuko wa moyo uliojifanya gesi: tupeane uzoefu

Binti wa Korogwe: Wakuu, msiba wa jirani umenirudisha mbali. Mama aliamka saa kumi alfajiri, gesi imembana hapa kwenye chembe ya moyo, anatapika, taya linavuta. Kifua? "Hakiumi." Sukari anayo miaka 12. Kituo cha kwanza wakasema vidonda vya tumbo, omeprazo ya kupunguza asidi, nendeni nyumbani. Kwenye bajaji nikamshika mkono: baridi kama samaki wa barafu, na khanga ya kifuani ungeikamua. Nikamwambia dereva geuza! Hospitali ya pili nesi mmoja mtu mzima alimgusa tu paji la uso, akasema, "Huyu ECG kwanza, faili baadaye." (ECG ni kile kipimo cha umeme wa moyo.) Ulikuwa moyo, ukuta wake wa chini. Yupo hai, ila ngazi hapandi tena.

Kisamvu: Yametukuta. Baba alisema amechoka tu. Basi.

Mzuka: Uzembe mtupu. Wale wa kwanza wangeshtakiwa.

Klinisheni wa Zamu: Mkuu, njoo ukae na sisi usiku mmoja uone matumbo yanavyopanga foleni. Na ECG ya kwanza inaweza kutoka safi kabisa. Nilishamruhusu mtu hivyo, akarudishwa kwa machela. Hata troponini, kipimo cha damu cha kuonyesha moyo umeumia, ukiipima mapema hudanganya, huchukua masaa kadhaa kupanda. Siku hizi mwenye sukari, mzee au mama akija na tumbo la juu pamoja na jasho, ECG ndani ya dakika 10, halafu narudia.

Mzuka: Kwa hiyo unakiri.

Klinisheni wa Zamu: Nakiri. Wewe je, kazini hujawahi?

Mama Tangawizi: Tangawizi na limao, mume wangu alipona palepale.

Kisamvu: Huyo alikuwa na gesi kweli, dada.

Dogo wa Tabata: Atafune asprini haraka.

Mama Tangawizi: Na kama ni vidonda? Utamuua!

Klinisheni wa Zamu: Miligramu 300, atafune asimeze nzima. Asiwe anatapika damu wala na mzio nayo. Na asiendeshe gari mwenyewe.

Fundi Pampu: Mjomba wangu aling'olewa jino. Jino zima, halina ubovu! Maumivu yakabaki, jioni akaanguka mlangoni, pamba bado mdomoni.

Dogo wa Tabata: Weee! Jino lipi?

Fundi Pampu: Gego la chini, kushoto.

Kisamvu: Daktari wa meno hakuona jasho?

Fundi Pampu: Alidhani ni woga wa sindano.

Mzuka: Jamani, langu la kushoto linavuta tangu asubuhi.

Klinisheni wa Zamu: Una miaka mingapi? Jasho je?

Binti wa Korogwe: Mzuka?

Mzuka: Nipo kwenye boda, naelekea hospitali. Msinicheke.