Tupeane uzoefu: mchezaji uliyemuona akisugua benchi ukajua kabisa hapa kipaji kinaozeshwa

#1 (mleta mada)
Wakuu salama? Kila dirisha la usajili likifunguka mashabiki tunaimba wimbo mmoja tu, sajili sajili, leteni straika, leteni winga, afu hakuna hata mmoja anayeuliza huyo anayekuja atapewa dakika ngapi na nani atatolewa ili yeye aingie. Mi msimamo wangu ni huu, kipaji kipo kingi sana duniani, kinachokosekana ni dakika za kucheza, na kocha anayejua kugawa dakika ndo anayejenga timu, hao wengine wanakusanya majina.

Mfano ambao nadhani hata asiyependa mpira anaujua. Januari 2014 Chelsea wanamuuza Kevin De Bruyne Wolfsburg, dogo hapati namba. Mwezi huohuo wanamleta nani? Mohamed Salah kutoka Basel. Salah naye akala benchi, mwaka uliofuata akapelekwa Fiorentina kwa mkopo, baadae Roma. Sasa angalieni mbele huko, De Bruyne anachukuliwa na Manchester City 2015 anakuwa injini ya timu miaka kumi, Salah anatua Liverpool 2017 na msimu wa kwanza tu anatupia mabao 32 kwenye ligi. Watu walewale na ligi ileile, ila sasa hivi wana uhakika wa kuanza wiki hii na wiki ijayo hata wakikosea.

Haya leteni zenu, uliyecheza mwenyewe, uliyefundisha, uliyekaa jukwaani tu ukiumia roho. Timu zenu ndogondogo msizitaje majina tafadhali, tusije tukaanzisha kesi humu.

#2
Nimekaa mkao wa kula, endeleeni.

#3
Mleta mada umeongea vizuri ila umeruka kipande kimoja. Huohuo msimu wa 2014/15 ambao Salah aliondoka, Chelsea walibeba ubingwa wa England. Mbele walikuwa na Hazard na Diego Costa, nyuma yao Fabregas anapiga pasi za mwisho. Sasa kocha amwambie nani kaa pembeni dogo akue? Kocha analipwa kushinda jumamosi, hajaajiriwa kulea mtu ambaye matunda yake atakuja kuyala kocha mwingine. Mi kwa hilo nawatetea makocha siku zote. Kosa kama lipo ni la wanaosajili, unajaza mawinga watano afu nafasi ziko mbili, hao watatu unategemea wafanye nini?

#4
Mi nilikuwa kipa namba mbili, tena kipindi kirefu tu, kwahiyo nikiongelea benchi naongelea nyumbani kwangu hahaha.

Wachezaji wa ndani wakikaa benchi angalau wana matumaini ya dakika ya sabini, kocha anageuka nyuma anasema kapashe. Kipa hageukiwi. Unapasha misuli moto mkiwa wote uwanjani, filimbi ikilia wewe unavaa koti unakaa, basi, kazi yako imeisha. Mpaka mwenzio aumie au apewe nyekundu, na huwezi kuomba mwenzio aumie kwasababu ni rafiki yako na ndo unalala nae chumba kimoja kambini.

Kitu ambacho watu hawakijui ni kwamba mazoezini unaweza kuwa moto kuliko yule anayedaka. Mi nilikuwa nawajua washambuliaji wetu wote, huyu anafungua mguu anapiga kona ya mbali, yule anachungulia kwanza. Ukiingia kwenye mechi sasa, huwajui hao watu, mabeki wako nao hawajazoea sauti yako, krosi inakuja unasita nusu sekunde kama utoke au ubaki, na hiyo nusu sekunde ndo inayokuondoa kwenye timu. Hiyo nusu sekunde hakuna zoezi linaloiondoa, inaondolewa na mechi tu. Kwahiyo mtu akisema fulani alipewa nafasi akashindwa kuitumia huwa namuuliza alipewa nafasi ngapi mfululizo? Mechi moja baada ya miezi minne hiyo sio nafasi mkuu, huo ni mtego.

Ila kuna siku moja duniani ya makipa wa benchi. Kombe la Dunia 2014, Uholanzi na Costa Rica robo fainali, dakika ya 120 kocha wa Uholanzi Van Gaal anamtoa Cillessen anamuingiza Tim Krul kwa ajili ya penati tu. Krul akapangua mbili wakapita. Niliruka mpaka watu nilio nao wakashangaa maana hata sio timu ninayoshabikia. Nusu fainali na Argentina Van Gaal akawa ameshamaliza sabu zake zote, Cillessen akabaki golini na wakatolewa kwa penati. Mi hiyo naihesabu kama ushahidi hahaha.

#5
Kipa umenigusa. Hapo kwenye mechi moja baada ya miezi minne mtu aiandike ukutani kwenye vyumba vya makocha wote.

Nihamishie mada kwenye basketi kidogo maana humu mnaongea mpira wa miguu tu. Kule kuna vitu viwili vinanifanya nisiamini sana haya mambo ya majina makubwa. Kwanza fainali za NBA 2004, Lakers wana Shaq, Kobe, Karl Malone na Gary Payton, ukiisoma hiyo listi unaweza ukadhani ni timu ya kwenye gemu. Detroit Pistons wakawapiga 4-1, timu ambayo ukiuliza nani staa wao watu wanaanza kubishana, ila kila mtu alijua kazi yake. Pili Manu Ginobili. Huyu alikuwa na uwezo wa kuanza timu yoyote, kocha wake Popovich akawa anamtoa benchi na jamaa akakubali, 2008 akapewa tuzo ya mchezaji bora anayetokea benchi. Na alichaguliwa namba 57 kwenye drafti ya 1999, ile siku timu zinachagua chipukizi kwa zamu, yaani karibu na mkiani kabisa. Nikola Jokic nae namba 41. Hao wanaojiita wataalamu wa kuona vipaji wanaona nini sijui.

Ninachotaka kusema, benchi sio kifungo kama mtu kaambiwa ukweli kwanini yuko pale na ataingia saa ngapi. Kinachoua ni kukaa kimyakimya bila kujua.

#6
Jamani na mimi mama mwenye mtoto akademi niseme. Mwanangu amezaliwa mwezi wa kumi na mbili. Kundi lao linapangwa kwa mwaka wa kuzaliwa, maana yake anacheza na watoto waliozaliwa mwezi wa kwanza wa mwaka huohuo, karibu mwaka mzima wanamzidi, na kwa umri ule mwaka mmoja ni kimo, ni kifua, ni kila kitu. Wale wakubwa ndo wanaonekana wana kipaji, ndo wanapangwa, wakipangwa wanazidi kuwa wazuri, ikifika mwisho wa msimu kweli wamekuwa wazuri! Mwanangu anaingia dakika za mwisho timu ikiwa inaongoza, anagusa mpira mara mbili filimbi inalia. Kwenye gari njia nzima haongei.

Nilimfuata mwalimu wao nikamuuliza kwa heshima tu, akanijibu mama sisi tunatafuta matokeo. Watoto wa miaka kumi. Matokeo ya kupeleka wapi?

Mume wangu ndo akaniambia habari ya Harry Kane kuachwa na Arsenal akiwa mtoto, na Griezmann akademi za Ufaransa zilimkataa kisa mdogo wa umbo mpaka akaenda kukulia Hispania, Real Sociedad. Nilifurahi ila nikajiuliza hao wawili tunawajua kwasababu walifika, wangapi waliishia kwenye gari hivyohivyo?

#7
Mama pole sana, na huyo mwalimu naomba asiguse watoto tena. Watoto wote wacheze nusu mechi kila mmoja, kikombe cha watoto wa miaka kumi hakuna anayekikumbuka.

#8
Mi nina donda langu linaitwa Makelele. Mnazi wa Real Madrid hapa. 2003 tumetoka kubeba ligi, tunamleta Beckham, tunamuachia Makelele aende Chelsea kisa eti ni mkabaji tu, anapiga pasi za pembeni, anataka kuongezewa mshahara. Mbele tukawa na Zidane, Figo, Ronaldo, Raul, Beckham. Nyuma ya hao watu nani anakimbia? Hakuna. Msimu wa 2003/04 tulikuwa tunaongoza ligi vizuri tu, mwishoni tukapoteza mechi tano mfululizo tukamaliza wa nne. Ligi tulikuja kuiona tena 2007. Kila nikisikia shabiki anasema yule kiungo mkabaji hafanyi kitu uzeni tu, damu inachemka. Hafanyi kitu mpaka siku akiondoka.

Afu angalieni PSG. Messi, Neymar na Mbappe walikaa pamoja misimu miwili, Ligi ya Mabingwa wakatolewa hatua ya 16 bora mara zote mbili. Wote watatu wakaondoka, kocha Luis Enrique akabaki na madogo wanaokaba kuanzia mbele kama wamefiwa, fainali ya 2025 Inter wakala tano bila. Doué akiwa na miaka 19 akatupia mbili. Halafu Dembélé ambaye akiwa Barcelona tulizoea kumuona hospitali ndo akaja kubeba Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa dunia.

#9
#8 umeiweka vizuri ila tusidanganyane kwamba PSG ni timu ya masikini, hao madogo wamenunuliwa kwa hela ndefu. Tofauti ni kwamba wamenunuliwa kwa ajili ya kukimbia.

Na mleta mada mi nakupinga kidogo, dakika zikizidi nazo zinaua. Pedri msimu wa 2020/21 alicheza mechi 73 ukijumlisha klabu, Euro na Olimpiki, mtoto wa miaka 18. Baada ya hapo misuli ikaanza kukatika kila saa, misimu kadhaa tunamuona kwa vipande. Watu walikuwa wanasema ona kocha anaamini vijana. Hiyo sio imani, hiyo ni tamaa.

#10 (mleta mada)
#9 nakubaliana na wewe, nilisema kugawa dakika, sikusema kumwaga. Tangu sabu zimekuwa tano moja kwa moja 2022 kocha hana tena kisingizio, nusu ya wachezaji wa ndani unaweza kuwabadilisha. Ila wengi bado wanaingiza mtu dakika ya 88 kupoteza muda.

#11
Mi nimecheza netiboli na nataka kuwatetea viraka. Nyie mnasikitikia wa benchi, kiraka je? Nilikuwa naweza kucheza kati, winga wa mbele na winga wa nyuma, kwahiyo kocha ananipenda sana, robo ya kwanza nipo huku, robo ya pili navuliwa bibu navalishwa nyingine, robo ya tatu nakaa, ya nne narudi kuziba pengo la aliyechoka. Dakika nilikuwa nazo nyingi tu. Ila kwenye netiboli kila namba ina eneo lake, ukivuka mstari wako filimbi, kwahiyo kila nikibadilishwa lazima kichwa kijipange upya niishie wapi. Wenzangu kila mmoja alikuwa anazidi kunoa kitu kimoja mimi nabaki vilevile. Uteuzi wa timu ya mkusanyiko ulipofika wakaniuliza namba yako ipi, nikasema zote, wakachukua wenye moja.

Sijutii maana nilicheza. Ila ukiwa na dada au mdogo wako anayesifiwa eti anacheza popote, mwambie achague mapema.

#12
Dada #11 hiyo ya "wakachukua wenye moja" imeniuma utadhani nilikuwepo.

#13
Leicester 2016 mmeisahau wote. Kocha Ranieri karibu kila wiki kikosi kilekile, Vardy aliyetoka Fleetwood, Mahrez wa Le Havre, Kante wa Caen, wakabeba ligi. Hawakuwa na mashindano ya Ulaya ndo maana miguu ilidumu. Wakamuuza Kante tu, mmoja, msimu uliofuata wakamaliza wa 12 na Ranieri akafukuzwa kabla ligi haijaisha. Kante yeye akabeba tena akiwa Chelsea. Kujenga timu miaka miwili, kuibomoa mchana mmoja.

#14
Mi ndo napanga kikosi cha timu yetu ya mwisho wa wiki, watu wazima wenye vitambi na kazi zao, kwahiyo haya ya kocha nayajua kwa udogo wake. Sisi kila mtu anachanga sawa hela ya uwanja na jezi, ila uwezo haulingani hata kidogo. Ukipanga wazuri tu, waliochanga wanasimama nje na baridi wiki tatu afu wanaacha kuja, mwezi ujao mnakosa hata watu kumi na moja. Ukigawa sawa kabisa, straika wenu mkali anakasirika maana mnafungwa mechi ambazo mngeshinda.

Tulichofanya, nikaanza kuandika dakika za kila mtu kwenye daftari, kila mtu ana uhakika wa kipindi kimoja, na kipindi kingine napanga mimi kadri mechi inavyoenda, na napanga usiku wa kuamkia mechi natuma kwenye grupu ili mtu akasirikie nyumbani kwake asije kukasirikia uwanjani. Kelele zimepungua sana aisee. Straika aliondoka akaenda timu nyingine, tukaumia kama miezi miwili mitatu hivi, afu jamaa mmoja ambaye hakuwahi kuanza hata mechi moja akaanza kufunga, hana spidi wala chenga, anajua tu mpira utadondokea wapi, na hakuna aliyekuwa anajua maana alikuwa haingii.

Tatizo nililobaki nalo ni beki wa kulia. Analeta mipira, analeta maji, anafika wa kwanza, na akiingia tunafungwa. Kama kuna mtu ana dawa ya hilo aniambie maana jumamosi tuna mechi na kikosi sijatuma.

#15
Muweke winga mkuu, huko akipoteza mpira goli liko mbali.