Yule muuzaji kasema mashine ya waya wa moto inakata "HATA GODORO"

Wakuu, nimekasirika mpaka vidole vinatetemeka. Mnamjua, simtaji. Mtu kauliza kistaarabu: ninunue mashine ya waya wa moto ya kukatia foamu, nitengeneze vilima na magofu madogo ya michezo ya mezani, au kisu kinatosha? Jamaa kajibu, "Nunua, inakata chochote, hata godoro." HATA GODORO! Nikamkosoa, akanijibu anayeogopa moshi akasuke mikeka.

Godoro ni poliyurethani! Likiungua hutoa sumu ya sianidi. Waya ule ni wa kukatia foamu ya polistirini tu: EPS, ile nyeupe ya punjepunje inayofungia televisheni, na XPS iliyoshikana. Hata hizo zinatoa mvuke wa stairini, kwa hiyo fungua dirisha, feni isukume hewa nje. Yeye anawatuma watu kwenye godoro!

Kama ni XPS ya sentimita 1, mistari iliyonyooka, kisu chenye wembe mpya kinatosha. Ukitaka matofali mia yanayolingana, au mteremko kwenye ubao wa sentimita 5, nunua mashine. Iwe na kitufe cha kupunguza joto na springi ya kuvuta waya, maana waya ukipata moto hurefuka, ukalegea, mkato ukatoka na tumbo. Waya ukipinda kama upinde, unasukuma haraka mno. Mkato ukipanuka na kuacha nyuzi za utando, joto limezidi. Hata godoro, jamani!

Jibu 1: Huyo huyo! Kwake kila kitu "kinakata safi".

Jibu 2: Mleta uzi kunywa maji kwanza. Godoro mara sita, tumelala.

Jibu 3: La godoro ni jambo dogo. Kuna wanaofundisha kuunga waya moja kwa moja kwenye adapta ya volti 12. Waya wa naikromu, ndio huo unaopata moto, wa milimita 0.3 una kama omu 15 kwa mita. Sentimita 20 ni omu 3, zinapita ampea 4, waya unakuwa mwekundu na kukatika. Ampea 1 hadi 1.5 zinatosha, yaani volti 3 hadi 4.5.

Jibu 4: Mimi nina hasira na wanaopuliza rangi ya kopo juu ya foamu tupu. Kiyeyusho kinaila, kilima kinabaki mashimo. Pakeni kwanza gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na rangi nyeusi ya akriliki, mara mbili.

Jibu 5: Mara mbili kwa XPS. EPS ina mianya kati ya punje, paka tatu.

Jibu 4: Mbili, ukiisukuma brashi ndani ya mianya.

Jibu 5: TATU.